Mkaguzi wa Ndani Hasubiri Pesa Zipotee

Hotuba ya mkuu wa kitengo cha ukaguzi wa ndani kwa vijana waliohitimu vyuo, wanagenzi na maafisa wapya wa kaunti

 

Nimeombwa nizungumzie kazi yangu, na hasa niwaeleze vijana namna ya kuingia katika kazi hii na namna ya kukua ndani yake. Nilipouliza hapa nje ni nani anajua kazi ya mkaguzi wa ndani, kijana mmoja alinijibu, "Ni yule anayeshika wezi." Mwingine akasema, "Ni yule anayechelewesha malipo." Wote wawili wamekosea kidogo, lakini siwalaumu. Sisi wakaguzi hatujajieleza vya kutosha kwa mwananchi. Leo nitajaribu.

Kazi yenyewe ni ipi?

Pesa za kaunti ni zenu. Kipengele cha 201 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba fedha za umma zisimamiwe kwa uwazi, kwa uwajibikaji na kwa kuwashirikisha wananchi. Ili jambo hilo lisibaki maneno, sheria imeweka walinzi wawili. Wa kwanza ni Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Huyu yuko nje ya kaunti. Mwaka wa fedha ukiisha tarehe 30 Juni, ana miezi sita ya kukagua hesabu na kutoa ripoti kwa bunge husika. Ripoti zake ndizo mnazozisikia kwenye redio.

Mlinzi wa pili ni mkaguzi wa ndani. Kifungu cha 155 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinaitaka kila taasisi ya serikali ya kaunti iwe na mpango wa ukaguzi wa ndani, na iwe na kamati ya ukaguzi. Sisi tuko hapa mwaka mzima. Mkaguzi wa nje hufika mambo yakiwa yamekwisha kutendeka. Sisi tunatakiwa kuliona shimo kabla gari halijatumbukia. Tunaangalia kama dawa zilizonunuliwa zimefika stoo, kama anayelipwa mshahara yuko kazini kweli, kama impresti, yaani pesa za safari zinazotolewa mapema, imerudishiwa hesabu ndani ya siku saba za kazi baada ya afisa kurudi kituoni. Tukiona kasoro tunaieleza kwa maandishi na kupendekeza dawa yake. Hatukamati mtu, na hatuidhinishi malipo. Anayeidhinisha malipo hawezi tena kuyakagua, kwa sababu atakuwa anajikagua mwenyewe.

Kosa langu la kisima

Kabla sijawapa ushauri, nitawaambia jambo lililonifundisha kazi kuliko darasa lolote.

Nikiwa mkaguzi mchanga, katika kituo kingine cha kazi, nilipewa faili la mradi wa kisima. Faili lilikuwa safi. Mkataba ulikuwemo, ankara, vocha ya malipo, cheti cha kukamilika kwa kazi, na saini za kamati ya kukagua na kupokea kazi. Nilikuwa na mafaili mengine mengi mezani, na barabara ya kwenda huko ilikuwa mbaya kwa sababu ya mvua. Nikaandika kwamba mradi umekamilika na nyaraka ziko sawa. Nikatia saini.

Miezi saba baadaye tulikwenda katika wadi hiyo kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Mwenzangu akataja kile kisima miongoni mwa miradi iliyokamilika. Mama mmoja mzee akasimama. Hakupiga kelele. Alisema, "Mwanangu, hayo maji ya kwenye karatasi, kuna yeyote kati yenu aliyeyanywa?" Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua saini iliyoko kwenye ile karatasi ni ya nani.

Kesho yake asubuhi nilikwenda. Shimo lilikuwa limechimbwa. Tangi lilikuwa juu ya nguzo zake. Pampu haikuwepo, haikuwahi kufungwa. Akina mama walikuwa bado wanateka maji mtoni, pale pale wanakonyweshea mifugo.

Nilirudi ofisini nikaandika ripoti mpya, na katika aya ya kwanza nikaandika kwamba ripoti yangu ya awali ilikuwa na makosa kwa sababu sikufika kwenye mradi. Mkuu wangu alisoma, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hii ndiyo ripoti yako ya kwanza." Kwa bahati nzuri sehemu ya pesa za mkandarasi ilikuwa bado imezuiwa kama dhamana, na haikuachiliwa mpaka pampu ikafungwa na maji yakatoka. Lakini ile miezi saba hakuna aliyeweza kuirudisha. Wale akina mama waliilipa kwa migongo yao.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: saini yako isitangulie miguu yako. Karatasi hukuambia kilichoandikwa. Ukitaka kujua kilichofanyika, lazima uende.

Njia ya masomo

Sasa tuje kwenye masomo. Wengi mmekuja na maswali ya vyeti, na baadhi yenu mmekwisha kutapeliwa na watu wanaouza kozi zisizotambulika.

Hapa Kenya, mlango mkubwa ni mitihani ya KASNEB, bodi iliyoanzishwa mwaka wa 1969. Mtihani wa CPA una ngazi tatu: ya msingi, ya kati na ya juu. Ambaye alama zake za KCSE hazikumfikisha kwenye CPA moja kwa moja asikate tamaa. Anaweza kuanza na diploma ya mafundi wa uhasibu, ATD, kisha akapanda. Ninao wenzangu waliopitia njia hiyo na leo ni wakuu wa vitengo. Ukimaliza CPA, tafuta uanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu iliyoanzishwa 1978. Hiyo ndiyo inayosajili wahasibu na kusimamia nidhamu yao, na hutoa mafunzo ya kuendeleza wanachama wake.

Cheti kinachohusu ukaguzi wa ndani wenyewe ni CIA. Msiogope, hakihusiani na majasusi wa Marekani. Kinatolewa na Taasisi ya Wakaguzi wa Ndani, IIA, iliyoanzishwa New York mwaka wa 1941, ambayo ina tawi lake hapa Kenya. Mtihani una sehemu tatu na hufanywa kwa kompyuta. Sehemu ya kwanza ina maswali 125 kwa saa mbili na nusu. Ya pili na ya tatu zina maswali 100 kila moja, kwa saa mbili. Mwenye shahada ya kwanza anahitaji miaka miwili ya uzoefu ili apewe cheti, lakini anaweza kufanya mitihani kabla ya kutimiza miaka hiyo. Ukishakubaliwa kujiunga, una miaka mitatu ya kumaliza. Na ukishakipata, kila mwaka unatakiwa kutimiza saa 40 za masomo ya kujiendeleza maadamu unafanya kazi hiyo.

Wanaopenda kompyuta, kuna cheti cha CISA kinachotolewa na ISACA, cha ukaguzi wa mifumo ya habari. Mtihani wake una maswali 150, na kinadai uzoefu wa miaka mitano, ingawa masomo ya chuo yanaweza kupunguza sehemu ya miaka hiyo. Malipo ya serikali leo yanapita kwenye mfumo wa IFMIS, na kaunti nyingi zinakusanya ushuru kwa simu. Mkaguzi asiyejua nani ana nywila ya nani, na nani anaweza kufuta risiti kwenye mfumo, anakagua nusu ya nyumba tu. Na wanaopenda kuchunguza ulaghai, kuna cheti cha CFE cha chama cha wachunguzi wa ulaghai, ACFE.

Usikimbilie vyote kwa pamoja. Nimeona kijana ana vyeti vitatu alivyovianza na hata kimoja hajamaliza. Anza na CPA kama unataka kazi ya umma. Pata kazi, hata ndogo. Kisha chukua CIA ukiwa unafanya kazi, kwa sababu maswali yake huyaelewa vizuri aliyekwisha kukaa na faili gumu. Ada zinabadilika, kwa hiyo ziulize kwa bodi yenyewe, si kwa wakala wa mtaani. Na yeyote anayekuuzia mtihani uliovuja, mkimbie. Taaluma hii inasimama kwenye uaminifu. Ukiingia kwa wizi, utakagua wizi wa nani?

Vitabu vya bure

Kuna kijana ataniambia, "Mzee, sina pesa za vitabu." Sawa. Haya hapa ni ya bure.

Soma sura ya kumi na mbili ya Katiba, inayohusu fedha za umma. Soma Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na Kanuni zake za Serikali za Kaunti za 2015. Soma Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015. Zote ziko bure katika tovuti ya Kenya Law. Msiogope urefu wake. Soma kurasa tano kwa siku.

Soma ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Ziko wazi kwenye tovuti ya ofisi yake, kaunti kwa kaunti, mwaka kwa mwaka. Chukua ripoti ya kaunti yako, kisha ya jirani. Angalia kasoro zinazojirudia. Ukizisoma kumi kwa makini utajua pesa za umma huvujia wapi, na siku ya mahojiano ya kazi utazungumza kama mtu aliyekwisha kuwa ndani. Ongeza na ripoti za Msimamizi wa Bajeti.

Na soma Viwango vya Kimataifa vya Ukaguzi wa Ndani. Vipya vilitolewa Januari 2024 na kuanza kutumika tarehe 9 Januari 2025. Vina nyanja 5, kanuni 15 na viwango 52. Mtu yeyote anaweza kuvipata bila malipo. Kwa taasisi za umma hapa nchini, bodi inayotoa miongozo ya uhasibu na ukaguzi wa ndani ni PSASB, na tovuti yake pia ina nyaraka za kusoma.

Mwisho, jifunze programu ya jedwali za hesabu mpaka vidole vizoee. Ukipewa orodha ya mishahara ya watu elfu mbili, uweze kupata kwa dakika chache akaunti moja ya benki inayolipwa majina mawili.

Kuandika ripoti inayosomeka

Mkaguzi hulipwa kwa sababu ya ripoti yake. Ukiona kasoro ukashindwa kuieleza, ni kama hukuiona.

Kila hoja ya ukaguzi ina sehemu tano. Nitawapa mfano wa mafuta ya gari. Kwanza kigezo: sheria inataka nini? Mafuta yote yaandikwe kwenye daftari la safari na yalingane na safari zilizofanywa. Pili hali: umekuta nini? Tangi la gari hubeba lita 60, lakini daftari linaonyesha lilijazwa lita 85 kwa mara moja. Tatu chanzo: kwa nini limetokea? Anayetoa kadi ya mafuta ndiye huyo huyo anayekagua daftari. Nne athari: kaunti imelipia lita ambazo haziwezi kuwa ziliingia kwenye gari hilo. Tano pendekezo: kazi hizo mbili zigawiwe watu wawili, lita zilizozidi zielezwe au zirudishwe.

Angalieni, sikusema dereva ni mwizi. Huenda alijaza na mtungi wa jenereta ya zahanati na hakuandika. Andika ulichokiona na unachoweza kukithibitisha, kisha mpe mhusika nafasi ya kujibu, na jibu lake liwekwe ndani ya ripoti. Neno moja la kukisia laweza kuharibu jina la mtu asiye na hatia, na laweza kumwokoa mwenye hatia, kwa sababu atashika neno hilo moja na kuiangusha ripoti nzima.

Siku utakayoambiwa "lainisha kidogo"

Siku hiyo itakuja. Hautakuwa ugomvi. Utaitwa ofisini, utapewa chai, na mtu unayemheshimu atakuambia, "Kijana, hii ripoti itatuchomea. Lainisha kidogo." Huenda ndiye atakayeandika barua ya kukupandisha cheo.

Fanya hivi. Kwanza, rudi kwenye ushahidi wako. Huenda yeye ana haki na wewe umekosea, na mkaguzi mwenye kiburi ni hatari kama mkaguzi mwoga. Pili, kama ushahidi umesimama, mwambie kwa adabu, "Mheshimiwa, naomba maelezo yako kwa maandishi, nitayaambatisha yote." Mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Tatu, mjulishe mkuu wako wa ukaguzi. Kanuni za 2015 zimetulinda hapa: mkuu wa ukaguzi wa ndani huripoti kwa afisa mhasibu katika mambo ya utawala, lakini katika kazi yenyewe ya ukaguzi huripoti kwa kamati ya ukaguzi. Ndiyo sababu kamati ipo. Nne, tunza karatasi zako za kazi, zenye tarehe. Na kama umeahidiwa pesa au umetishwa, hilo si suala la ofisi tena. Ni la Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Jilinde pia na wewe mwenyewe. Usikague idara uliyokuwa unaisimamia ndani ya miezi kumi na miwili iliyopita. Usikague kampuni ya shemeji yako. Sema mapema, upewe faili lingine. Na ukiwa kazini vijijini, lipia chakula chako. Mbuzi wa mkandarasi ana mifupa migumu.

Sitawadanganya kwamba kazi hii haina gharama. Kuna harusi sikualikwa. Kuna meza ninapoketi mazungumzo hubadilika. Lakini nalala usingizi, na jambo hilo lina thamani yake.

Kama kazi ya kaunti haijapatikana

Nafasi za kaunti hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na hazilipiwi. Anayekuomba "kitu kidogo" ili jina lako lipite anakuibia.

Lakini wakaguzi hawaajiriwi na kaunti peke yake. Benki, kampuni za bima, viwanda vya majani ya chai, hospitali za misheni, vyuo na mashirika yasiyo ya serikali wote wanawahitaji. Na usipuuze ya karibu. Chama cha ushirika cha wazazi wako kina kamati ya usimamizi. Jitolee kuwasaidia kulinganisha vitabu na taarifa ya benki. Kachama ka mama yako kanaandika michango kwenye daftari la shule. Kapangie risiti. Mwajiri akikuuliza una uzoefu gani, utakuwa na jambo la kusema, na litakuwa la kweli.

Neno kwa wakazi

Namalizia na ninyi wazazi, maana mkaguzi peke yake hawezi. Kaunti ina miradi mingi na sisi ni wachache. Yule mama wa kisima alifanya ukaguzi bora kuliko wangu, bila cheti chochote, kwa sababu alikuwepo.

Tukifika kwenye zahanati yenu, tuambieni ukweli: dawa zilifika lini, ziliisha lini, daktari yuko siku ngapi. Njooni kwenye vikao vya bajeti, na msiulize tu mwaka ujao mtapewa nini. Ulizeni mlichoahidiwa mwaka jana kiko wapi. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, mnaweza kuandika ombi la habari kwa ofisi ya umma, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Mkinyimwa bila sababu, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Na ninyi vijana, mkiingia kazini, siku mtakapochoka na faili likiwa safi na barabara ikiwa mbaya, kumbukeni kuna mtu ameshika mtungi anasubiri. Vaeni viatu, mwende.